Mpishi wa Nyumbani Kwetu

Kila jioni, baada ya kumwagilia mboga za shule, wanafunzi wa darasa la saba waliosha miguu na kuingia kanisani kufanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Ilikuwa mwaka wa 1953, katika shule moja ya misheni karibu na Kimilili. Mwalimu Wakhungu alisukuma mabenchi ukutani, akachora mstari wa chaki sakafuni kuonyesha mahali jukwaa linapoanzia, kisha akafungua daftari lake.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kuchekesha, wa zamani sana, kutoka Ulaya. Mwalimu aliusoma chuoni, akautafsiri. Ulihusu Delila, binti wa tajiri, aliyempenda mpishi wa nyumbani kwao. Baba yake alitaka mkwe mwenye cheo, kwa hiyo akamkaribisha bwana mmoja aliyevaa koti la kuazima na kujiita mheshimiwa. Mpishi alijificha chini ya meza, mheshimiwa akakalia bakuli la uji, na mwishowe baba akagundua kwamba mgeni wake alikuwa tapeli. Delila akaolewa na mpishi.

Delila aliigizwa na Nanyama, msichana wa miaka kumi na mitatu. Alijua kuinua kidevu na kutembea kama mtu ambaye hajawahi kubeba mtungi. Mukhisa, aliyeigiza mpishi, alisema kwamba Nanyama akimtazama vile hata yeye husahau maneno yake.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Nanyama hakumwambia mtu. Alipofika bweni mwaka uliotangulia, wasichana walikuwa wakiulizana kazi za baba zao. Wilkista, aliyelala kitanda cha jirani, alisema baba yake ni mwalimu mkuu. Zamu ya Nanyama ilipofika, alijibu kwamba baba yake ni karani wa reli mjini Kitale. Ukweli ni kwamba Mzee Nyongesa alikuwa mpishi katika shamba la mzungu, mbele ya Kibomet, nje kidogo ya Kitale. Baada ya siku chache wasichana waliuliza tena, na Nanyama akaongeza taipureta. Mwezi uliofuata akaongeza ofisi yenye saa ya ukutani.

Siku ya mchezo ilikuwa Jumamosi. Wazazi walialikwa, lakini Nanyama hakumwandikia baba yake. Hakujua kwamba Mwalimu Wakhungu alikuwa amewaandikia wazazi wote.

Saa saba mchana, Nanyama akiwa nje ya kanisa na Wilkista, mtu mmoja aliingia langoni akisukuma baiskeli. Suruali yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi la kutoka Kitale. Aliegemeza baiskeli, akafungua kifurushi, akavaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, ile ya kazini, maana ndiyo nguo nzuri kuliko zote alizokuwa nazo. Kisha akabeba bati la kuokea lililofunikwa kitambaa, akaja akitabasamu.

"Ni nani huyu?" Wilkista aliuliza.

Nanyama aliona ile kanzu, akamwona na Wilkista akiitazama.

"Ni mpishi wa nyumbani kwetu," alisema. "Baba amemtuma."

Mzee Nyongesa alikuwa amefika karibu kiasi cha kusikia. Alisimama. Akamtazama binti yake kidogo, kisha akampa Wilkista lile bati.

"Ndiyo," alisema kwa upole. "Nimetumwa. Ni keki ya waigizaji."

Akaenda kuketi kwenye benchi la nyuma.

Mchezo ulianza vizuri. Mheshimiwa alipokalia uji, watu walicheka mpaka mtoto mmoja akaanguka kutoka mapajani mwa mama yake. Mzee Nyongesa alicheka pia, na Nanyama alimwona akicheka. Kisha ikafika mahali ambapo Delila anamshika mpishi mkono mbele ya wageni na kusema kwamba haoni haya kumjua. Nanyama alimshika Mukhisa mkono. Alifungua mdomo, lakini sauti haikutoka. Machozi yakaanza kumtiririka, na Mwalimu Wakhungu akamnong'onezea maneno mara mbili bila faida. Mwishowe Mukhisa aliyasema maneno ya wote wawili, yake na ya Delila. Watu walidhani ndivyo mchezo ulivyo. Walipiga makofi kwa muda mrefu, na mama mmoja alisema hajawahi kuona mtoto anayejua kuigiza namna ile.

Mchezo ulipokwisha, Mwalimu alimpongeza. Nanyama alishindwa kuvumilia sifa zile. Alimweleza yote, kuanzia karani wa reli hadi kanzu.

Mwalimu hakumkaripia. Alisema, "Umefanya vizuri kuniambia. Lakini uliyemkosea si mimi, na uliowadanganya si mimi."

Wasichana walikuwa kwenye baraza la bweni, wakigawana keki. Mzee Nyongesa alikuwa akifunga kifurushi chake kwenye baiskeli, hatua chache kutoka hapo. Nanyama alisimama katikati yao.

"Baba yangu si karani," alisema. "Hana taipureta. Yule pale ndiye baba yangu, na hiyo keki ameioka yeye."

Msichana mmoja aliguna. Wilkista hakucheka, ila alionekana ameumia. Alisema kwamba amekuwa akimwamini mwaka mzima, na kwamba kama angeambiwa mpishi tangu mwanzo, angesema tu sawa.

Nanyama alikwenda kwa baba yake, akapiga magoti, akaomba msamaha. Mzee Nyongesa alimwinua.

"Nimepika miaka kumi na minane," alisema, "na sijawahi kuionea haya kazi yangu. Leo nimeona haya, kwa sababu nilikubali kuitwa mtu mwingine. Niliogopa kukuaibisha. Kwa hiyo leo tumedanganya wawili, mwanangu, mimi na wewe. Tusirudie."

Nanyama alitikisa kichwa kukubali. Mzee akaendelea, sasa akiwatazama wasichana wote, "Mtu akikuuliza kazi ya mzazi wako, mwambie. Akicheka, mwache acheke. Kicheko chake hakiunguzi chakula changu. Lakini mtoto wangu akinikana, hapo nimepoteza kitu ambacho siwezi kukipika tena."

Alikuwa na safari ya kufika Kamukuywa kwa dada yake kabla ya giza. Nanyama aliomba ruhusa amsindikize, na Wilkista, baada ya kusitasita, akaandamana nao. Njiani walikutana na mama mmoja aliyetoka kutazama mchezo, akataka kujua huyu mzee ni nani.

"Ni baba yangu," Nanyama akajibu. "Ni mpishi huko Kitale."

Yule mama akamsalimia Mzee Nyongesa kwa mikono miwili, akamwambia ana binti hodari, kisha akaendelea na safari yake.