Mwache Amalize

Katika miaka ile ya tisini, Jumapili asubuhi upande wa magharibi wa San Antonio ulikuwa na harufu moja: nyama ya kichwa cha ng'ombe iliyopikwa kwa mvuke usiku kucha. Foleni ya kuinunua ilianzia kwenye kaunta ya duka, ikatoka mlangoni, ikapita katikati ya magari. Wengine walikuja na nguo za kanisani, wengine na zile walizolalia.

Lisandro Olivares, mchora ramani za barabara, alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na mama yake. Muuzaji alimuuliza kwa Kihispania anataka nini. Alielewa kila neno. Lugha hiyo aliisikia tangu kuzaliwa. Kuisema ndiko kulikomshinda.

"Nataka... ratili mbili za..."

"Za shavu, lisilo na mafuta, na chapati za mahindi," sauti ya kike ilimalizia nyuma yake, kwa Kihispania kilichonyooka.

Aligeuka. Msichana alikuwa na gauni la njano, nywele bado zina maji.

"Nani kakwambia sitaki mafuta?" Lisandro aliuliza kwa Kiingereza.

"Unayataka?"

"Sana."

"Si ungesema!"

"Nilikuwa mbioni kusema, dada."

Foleni nzima ilicheka, na wao pia.

Aliitwa Nereida Zamarripa, mwalimu wa shule ya msingi, aliyelelewa na bibi yake. Kila Alhamisi jioni alikusanya kwenye ukumbi wa parokia watu kama Lisandro. Wazazi wao walichapwa shuleni kwa kusema Kihispania, kwa hiyo wakawalea watoto kwa Kiingereza. Watoto hao walikua wakielewa kila kitu na kunyamaza.

"Njoo. Hakuna vitabu, na hakuna anayecheka," alimwambia.

"Na wewe utakuwepo?"

"Unadhani kahawa inapikwa na nani?"

Alienda. Mezani alimkuta Ofelia, muuguzi aliyechoka kuwaita wafagiaji wamtafsirie maneno ya wagonjwa wake, na mzee Fidencio, dereva wa basi mstaafu, aliyetaka kumwombea marehemu mkewe kwa lugha ya marehemu. Lisandro alisema machache usiku ule. Alhamisi iliyofuata alirudi, na ile ya baadaye, na kila mara alibaki kuosha vikombe na Nereida.

Baadaye zikaja simu za jioni.

"Umekula nini leo, kipenzi? Jibu kwa Kihispania."

"Nimekula ma..."

"Maharage!"

"Makaroni, Nereida."

"Haya, makaroni. Ulikuwa unachelewa."

Kufika Novemba, Lisandro alikuwa ameamua. Kwa watu wao, msichana aliombwa kwa mkubwa wake, na mkubwa wa Nereida alikuwa bibi yake, aliyeitwa kwa heshima doña Eulalia, asiyejua Kiingereza. Baba yake Lisandro alikuwa amefariki, na yeye hakutaka mjomba amsemee. Aliamini kwamba mwanamume asiyeweza kuomba kwa kinywa chake hastahili kupewa. Alitunga sentensi, akaikariri garini wiki kadhaa. Hakumwambia mtu.

Jumapili moja alikwenda kula kwa doña Eulalia, amevaa tai. Meza ilijaa wajomba wa Nereida, kuku wa mchuzi mzito wa pilipili, na sahani ya wali mwekundu. Katikati ya mlo alisimama.

"Doña Eulalia. Nimekuja... nakuomba..."

Sentensi ilimponyoka. Haikwenda mbali, alihitaji kitambo tu.

"Wali zaidi!" alisema Nereida, akinyakua sahani ya Lisandro. "Jamani mwongezeeni, anaona haya."

"Anasimama kwa ajili ya wali!" mjomba mmoja aliangua kicheko. "Huyu kijana ana adabu kuliko sisi sote."

Lisandro aliketi. Aliula wali wote.

Alhamisi hakuja. Nereida alipopiga simu, mama yake Lisandro alijibu kwamba hayupo, na nyuma yake kiti kilisikika kikiburuzwa. Wiki ya pili ilikuwa vilevile.

"Amenichoka," aliwaambia wenzake ukumbini, akigonga birika mezani. "Au ametuona washamba. Angalau angesema!"

"Wewe humwachi mtu aseme," alijibu Ofelia.

"Mimi?"

"Wewe, mpenzi. Nikifika nusu ya sentensi, wewe umeshafika mwisho unanisubiri. Tunakupenda, ndiyo maana tunanyamaza. Ila hapa mezani anayejifunza kusema Kihispania ni wewe, na wewe unakijua tayari."

Nereida alimtazama Fidencio. Mzee alichunguza kikombe chake.

"Ni kweli, binti," alisema.

Jioni hiyo Fidencio alipokwama kwenye neno, Nereida aliuma mdomo. Kahawa ilipoa. Neno lilipomjia, mzee alilisema mara mbili.

Nyumbani Nereida alimkuta bibi yake akichambua maharage.

"Bibi, siku ile Lisandro aliomba nini?"

"Mtu hafungi tai kwa ajili ya wali."

"Ulijua!"

"Nilikuwa namsubiri amalize."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniacha nimalize?"

Nereida alipiga simu. Safari hii Lisandro alipokea mwenyewe.

"Ni mimi. Nakusikiliza," alisema Nereida.

Kimya. Nereida alikuwa na mambo kumi ya kukijazia kimya hicho. Aliuviringa waya wa simu kidoleni.

"Upo?" Lisandro aliuliza.

"Nipo."

"Nilidhani unaniona mtoto."

"Sivyo. Nilikiogopa kimya chako, nikakijaza. Nisamehe, moyo wangu."

Kimya tena, kirefu zaidi. Halafu Lisandro akasema, kwa Kihispania, neno baada ya neno:

"Bibi yako... yupo karibu?"

"Yupo."

"Mpe simu."

Doña Eulalia alifuta mikono kwa aproni, akapokea, akaziba simu kwa kiganja.

"Wewe nenda nje."

"Lakini bibi, mimi ndiye—"

"Nje. Na ufunge mlango."

Nereida alisimama barazani bila sweta. Dirishani alimwona bibi ameketi wima, simu sikioni, midomo imefungwa. Alikaa hivyo muda mrefu, bila kuharakisha chochote. Mwishowe alitikisa kichwa kukubali, akasema kitu kifupi.

Walifunga ndoa majira ya kuchipua. Hadi leo Nereida hajui aliombwa kwa maneno gani. Doña Eulalia alifariki bila kuyatoa, na Lisandro akiulizwa hujibu tu kwamba alimaliza.