Ugonjwa wa Sabato

Siku ya soko Keroka, mwaka wa 1973, Persis alikuwa akipenya katikati ya magunia ya vitunguu, gauni lake la njano amelikunja kwa mkono mmoja, wakati kijana mmoja wa suruali ya bugaluu, ile pana miguuni, alipomzibia njia.

"Dada, unamkimbia nani?"

"Nakimbilia sukari. Imefika dukani, na wewe umesimama kama mlango."

"Naitwa Mogire, dresa wa klabu ya riadha, mtibu majeraha. Miguu kama hiyo tunaitafuta."

"Miguu peke yake?"

"Tuanze na miguu," alisema Mogire, na Persis akacheka hata akaisahau sukari.

Hivyo ndivyo alivyoingia klabuni, na hivyo ndivyo mapenzi yalivyoanza. Baba yake, mzee wa kanisa la Wasabato kule Sironga, hakutaka kusikia habari za mbio za Jumamosi, siku yao takatifu ya Sabato. Persis alikimbia tu. Baba akaacha kumsemesha, na tangu hapo Mogire akawa ndiye wa kuambiwa kila kitu.

Kisha mguu wa kulia ukaanza kuuma, pale kwenye ugoko, ndani kabisa mfupani. Hapakuwa na damu wala uvimbe. Sasa katibu wa klabu, Bwana Obadiah, alikuwa na elimu yake mwenyewe. Kwake majeraha yalikuwa ya aina mbili: la kutoka damu na la kuvunjika. Msabato akilalamika wiki yenye mbio za Jumamosi, Obadiah alikuwa na aina ya tatu.

"Huo ni ugonjwa wa Sabato," alimwambia Persis mbele ya wenzake. "Jumapili utapona."

Wakacheka. Hebu fikiria: msichana amekosana na baba yake mzazi ili akimbie Jumamosi, leo anaambiwa anajificha nyuma ya hiyo hiyo Jumamosi. Persis alirudi kazini Kisii, kwenye ofisi alikokuwa mpiga chapa, akampigia Mogire simu.

"Mpenzi, waambie nimeumia. Wewe ndiye dresa, watakusikiliza."

"Niliubonyeza huo mguu juzi, malaika wangu. Sikuona kitu."

"Wewe huoni. Mimi ndiye ninayeumwa."

"Persi, niambie mimi peke yangu. Si baba amekulemea moyoni, ndiyo maana hutaki kukimbia Jumamosi?"

Persis akakata simu. Kejeli za Obadiah angezimeza, maana Obadiah hakuwa chochote kwake. Lakini Mogire?

Jumamosi akakimbia, kwa hasira tupu. Kwenye kona ya mwisho mfupa ukavunjika, na waliosimama karibu waliusikia. Obadiah alikuja mbio, akautazama mguu uliopinda, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Maskini," alisema. "Sasa hili ni jeraha."

Sasa! Kumbe siku zote hizo lilikuwa nini?

Mogire alifika hospitalini akiwa na machungwa, shati limenyooka kwa pasi, macho mekundu. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nisamehe, Persi. Nakuamini. Nataka tuoane. Kesho niko Sironga kwa mzee, anifukuze akitaka."

Persis alimpenda. Hata saa hiyo alitaka kumshika shavu.

"Umeniamini lini?"

"Nilipokuona umeanguka."

"Uwanja mzima uliniona nimeanguka. Hata Obadiah ameniamini. Mimi nilitaka mtu mmoja tu aniamini kabla."

"Nilikosa. Nimekubali nilikosa."

"Nitaumwa mengine, Mogire. Kichwa, mgongo, uchungu wa mtoto. Kila mara nivunjike kwanza ndipo mume wangu asadiki?"

Mogire aliyaweka machungwa juu ya kabati dogo, kisha akatoka. Persis alilia mpaka mto ukalowa, wala hakumwita arudi.