Kameo ya Nyarero

Kisanduku kilikuwa wazi juu ya meza, na kilichokuwa ndani yake kilikuwa cha plastiki.

"Hii siyo ile," alikuwa amesema Mwantumu, mnunuzi wa vito vya kale kutoka Mugumu, na maneno hayo matatu nusura yamtoe roho. Inspekta Emanueli Wangwe, mpelelezi kutoka Tarime, alipofika Nyarero Jumatano hiyo asubuhi, alikuta gari la mama huyo limezibiwa njia kwa magogo, na mwenyewe amejifungia ndani yake.

"Mwizi ndiye huyo, afande," alisema Nashoni, kijana wa boma lile. "Sisi tunamlinda tu asitoroke."

"Mnamlinda kwa mapanga?"

"Ya kukatia nyasi."

"Nyasi ziko wapi?"

Nashoni akautazama uwanja uliofagiliwa vizuri. Inspekta akaamuru magogo yaondolewe, kisha akamwingiza Mwantumu nyumbani. Koplo Shamimu alifuata na mkoba wa vifaa.

Ndani alikaa Mama Scholastica, mkunga mstaafu na mama yake Nashoni. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Neema, mtafutie mgeni maziwa."

Neema, mke wa Nashoni, akaelekea pembeni vilikoning'inia vibuyu vitatu. Kikubwa kilikuwa karibu zaidi na mlango. Alikipita, akachukua kidogo cha mwisho.

Inspekta alipokea kikombe, akanywa funda, akakiweka chini.

"Mama Mwantumu, nieleze. Kameo ni kitu gani?"

Swali hilo lilimpa Mwantumu nguvu.

"Ni kombe, gamba la baharini, afande. Lina tabaka nyeupe juu na kahawia chini. Fundi anachonga ile nyeupe mpaka ibaki sura, kwa kawaida ya mwanamke. Nyuma inawekwa pini, unavaa kifuani. Ya Mama Scholastica alipewa na mtawa wa Ulaya aliyefanya naye kazi ya kuzalisha. Jumamosi niliishika, tukakubaliana nije leo kuinunua. Niliinua juani, mwanga ukapita, uso ukawaka kama mtu aliye hai. Kwenye lenzi niliona alama za patasi hata kwenye nywele. Miaka ishirini nanunua, sijaona nzuri vile."

"Na hii?"

"Ya kalibu, plastiki iliyomiminwa. Tazama mstari huu ubavuni. Kule Sirari zimejaa sokoni."

"Alitoka nayo nje Jumamosi!" Nashoni alidakia kutoka mlangoni. "Eti anaitazama juani. Hapo ndipo alipoibadilisha."

Hilo ndilo lililokuwa limewasha moto. Mnunuzi wa vito anaishi kwa kuaminiwa. Akiitwa mwizi Nyarero leo, kesho hakuna mama atakayemfungulia kisanduku, kuanzia Busawe mpaka mpakani.

"Koplo, alama za vidole?"

"Kimeshikwa na kijiji kizima, afande. Hapa nina vidole vya watu wote wa Nyarero."

Inspekta akageuza kile cha plastiki. Pini yake ilikuwa nyembamba kama unywele.

"Mama, pini ya ile yako ilikuwa hivi?"

"Hivi?" Mama Scholastica aliipapasa kwa kidole. "Yangu ilikuwa nene. Mtawa alikuwa anasema inafaa kushonea magunia."

"Mara ya mwisho uliivaa lini?"

"Jumapili, kanisani. Tulizindua sare mpya ya akina mama. Nikasema niivae kwa mara ya mwisho kabla haijanunuliwa."

Inspekta akasimama ghafla.

"Sare hiyo iko wapi?"

Ililetwa. Gauni lilikuwa jipya, limevaliwa siku moja tu. Kifuani, upande wa kushoto, kulikuwa na matundu mawili. Inspekta akatoka nalo nje, akaliinua juani mbele ya watu wote. Akaomba punje ya ulezi. Punje ikapita kwenye tundu la kwanza. Ikapita na kwenye la pili. Kisha akachomeka pini ya plastiki kando yake. Tundu lake hata halikuonekana.

"Jumamosi huyu mama aliondoka," alisema kwa sauti ya kusikika. "Jumapili kameo halisi ilikuwa kifuani kwa Mama Scholastica. Nashoni, sasa niambie, mwizi yuko wapi?"

Nashoni alilitazama panga lake kana kwamba limekuwa la mtu mwingine.

"Yuko ndani ya boma hili," alisema Inspekta, akarudi ndani. Neema alikuwa amesimama penye vibuyu.

"Shemeji, maziwa yako ni matamu. Lakini mimi ni mtoto wa Nyanungu. Kwetu mgeni anamiminiwa kutoka kibuyu kikubwa. Mbona umekipita?"

"Hayajaiva kuwa mgando, afande."

"Uliyatia lini?"

"Jumatatu."

"Siku hizi zote, kwa joto hili, hayajaiva?"

Inspekta hakunyoosha mkono. Vibuyu vya maziwa ni vya mwenye jiko. Mwanamume havigusi, na hata mama mkwe huomba kwanza. Ndiyo maana hapakuwa na mahali salama zaidi pa kuficha kitu katika boma lile.

"Koplo Shamimu, wewe ni mwanamke. Mimina."

Maziwa mazito yakaanguka kwenye beseni, bonge kwa bonge. Kisha kitu kikagonga bati.

Neema akaketi sakafuni.

"Nilinunua ya bandia Sirari Jumatatu," alisema. "Sikutaka kuiuza wala kuivaa. Siku ya harusi yangu mama mkwe alinibandika ile kifuani, akasema mbele ya watu, 'Nikifa ni yako.' Miaka tisa nangojea. Halafu naona mgeni anaipima juani, na mimi sijaulizwa hata neno moja."

"Ukaacha mwenzako nusura auawe nje?"

"Nilitaka kusema. Kila nikifungua mdomo, watu walikuwa wameongezeka."

"Toka ukaseme sasa."

Akatoka, akasema. Watu waliinamisha vichwa. Nashoni akamsogelea Mwantumu.

"Mama, tusamehe," alinong'ona.

"Sema kwa sauti. Mliponiita mwizi mlisema kwa sauti."

Akasema kwa sauti.

Mwantumu alikuwa na haraka moja tu. Aliisafisha ile kameo kwa leso, akaiweka chini ya lenzi, na mikono yake ikasimama. Maziwa makali yalikuwa yamelila kombe. Mng'ao ulikuwa umekwisha, sura imelika, imekuwa kama chaki.

"Siwezi kuinunua tena," alisema polepole. "Walaji wa kombe ni wawili, ndimu na mgando."

"Pesa zake zilikuwa za macho yangu," alisema Mama Scholastica. "Daktari alisema nikipasuliwa nitaona."

Neema akageuka. "Hukuniambia, mama."

"Ningekwambiaje? Wewe ndiye unayenishika mkono njia ya kanisani. Niliona aibu kuongeza mzigo."

Alinyoosha kiganja. Mwantumu akaiweka kameo hapo. Bibi akaupitisha uso ule chini ya kidole gumba, taratibu, kama alivyokuwa akipima vichwa vya watoto wachanga.

"Neema," aliuliza, "pua yake iko wapi?"