Gari Jekundu Lisivuke

Sindano ya mwendo ilikuwa imegota kwenye mia na thelathini, na gari jekundu bado lilikuwa mbele.

Kona ya kushoto.

Ganzi alikanyaga klachi, akashusha gia, akauacha mkia wa Volvo uteleze kidogo kwenye changarawe kabla ya kuurudisha barabarani. Lile gari lilikuwa na umri wa kumzaa. Halikuwa na usukani wa pawa wala kompyuta ya kukusamehe. Lilikuwa na chuma, petroli na mtu, na ukikosea hakuna wa kukusaidia ila Mungu wako.

Zamani kona ya namna hiyo ilimfanya acheke peke yake ndani ya helmeti. Huo ndio utamu wa kushindana kwa magari ya kale, na waliouonja huuza hata viwanja: harufu ya petroli mbichi, usukani wa mbao unaotetemeka viganjani, injini inayokulalamikia kila gia. Leo mikono yake ilifanya kazi na miguu ikafanya kazi. Yeye mwenyewe hakuwepo.

Ulikuwa mwaka wa pili hayupo. Mumewe ndiye aliyelijenga Volvo hilo, bolti kwa bolti, kisha akaenda kufia kwenye gari la mtu mwingine, breki zilipokatika kwenye mteremko. Mazishini yeye hakutoa chozi. Ndugu wa mume walinong'ona, na kazini, kwenye idara ya usalama, wakaanza kumwita Ganzi, kwanza kichinichini, baadaye mbele ya uso wake. Hakukasirika, na ndiyo maana jina likashika.

Redio ya Motorola ikakoroma sikioni.

"Ganzi, unanipata?"

"Nakupata, Mkuu."

"Ni lipi kati ya matatu?"

"Bado."

"Harakisha, mwanangu. Mlima ukiisha ni daraja. Daraja likiisha, si letu tena."

Magari matatu hayo yalikuwa ya tajiri mmoja wa kigeni. Watu walimwita Glavu, kwa kuwa glavu zake za ngozi hakuzivua hata mezani. Moja ya magari yake lilikuwa limebeba madini ya nyuklia yaliyoibwa ghalani wiki iliyopita. Asubuhi magari yalikaguliwa yote, yakaonekana safi kama sahani ya mgeni. Mzigo ulipakiwa mchana, kwenye kituo cha mafuta, mbele ya watu wanaopiga picha. Na mpakani, pale darajani, kizuizi kilikuwa kimeinuliwa kwa siku hiyo moja, magari ya mbio yapite bila kupekuliwa.

Kuyasimamisha yote matatu haikuwezekana. Glavu alikuwa na marafiki wakubwa. Ukisimamisha gari safi, kesho unahojiwa wewe, na gari lenye mzigo limeshafika ng'ambo.

Nafasi ilikuwa moja.

Wataalamu wa maabara walikuwa wamemfungia kipimo cha mionzi kwenye dashibodi, wakakivisha sura ya geji ya oili. Kifaa cha bei mbaya. Alipolipita gari la kijani, sindano haikutikisika. Alipolipita la bluu, vivyo hivyo. Sasa alikuwa amelinusa jekundu mkiani na sindano bado ililala kama mlinzi wa zamu ya usiku.

Basi akatumia macho.

Gari jekundu lilikuwa la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, jepesi, la kuruka kwenye kila tuta. Leo halikuruka. Mkia wake ulikuwa umekaa chini, springi zimebonyea. Na kwenye kona ya tatu Glavu alifunga breki mapema, mapema mno, yeye ambaye kwenye mazoezi alikuwa akijitapa kwamba breki ni za waoga.

"Mkuu. Ni jekundu."

"Kipimo kimeonyesha?"

"Kipimo kimelala. Linafunga breki kama lori la saruji."

"Una hakika?"

"Ninayo."

"Basi lisukume. Kona ya saba, upande wa korongo. Helikopta italizoa huko chini."

"Kuna watu wawili ndani."

"Najua waliomo, Ganzi. Hiyo ni amri."

Alijua, ndiyo. Kwenye usukani Glavu mwenyewe. Kando yake, ndani ya ovaroli la bluu, fundi wake: mdogo wa marehemu mumewe. Shemeji. Ndiye mtu pekee wa ukoo ule aliyeendelea kuja nyumbani baada ya matanga. Alikuja kila Jumapili, akarekebisha kitu ambacho hakikuharibika, akanywa chai, akaondoka bila kumuuliza kwa nini halii.

Ganzi hakujua kama Shemeji alifahamu alichobeba. Alijiuliza kama jibu lingebadilisha kitu. Akaona halibadilishi.

Kona ya nne. Ya tano.

Harufu ikamfikia kabla ya moshi: breki zinazoungua. Kisha moshi wenyewe, wa bluu, ukitoka kwenye magurudumu ya mbele ya gari jekundu. Taa za breki ziliwaka, na gari halikupunguza mwendo. Breki za gari jepesi la kale zilikuwa zimebebeshwa mzigo wa watu wazima wawili zaidi, na sasa zilikuwa zimechoka kabisa.

Shemeji akageuka kitini. Akaliona Volvo la kaka yake. Akainua kiganja, akakifungua na kukitikisa, kitupu.

Hakuna breki.

Haikuwa lazima kulisukuma tena. Angeinua tu mguu kutoka kwenye mafuta, akabaki nyuma. Mlima ungefanya kazi ya serikali, na yeye angeandika ripoti fupi.

Ganzi alikanyaga mafuta.

"Ganzi, unafanya nini?" Mkuu aliuliza, aliposikia injini ikinguruma redioni.

Hakujibu. Alilipita gari jekundu kwa ndani ya kona ya sita, magurudumu mawili kwenye mfereji, mawe yakipigapiga chini ya sakafu. Akajipanga mbele yake. Kisha akalegeza mwendo kidogo kidogo, akiangalia kioo, hadi pua ya gari jekundu ikagonga bampa lake.

Kishindo kikampanda mgongoni hadi kwenye meno.

"Ganzi! Nilisema lisukume!"

"Sasa hivi ndilo linalonisukuma mimi."

"Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu. Najua."

Akakanyaga breki. Gia ya tatu. Ya pili. Volvo lilipiga kelele kama linachinjwa, likiwa limebeba uzito wa magari mawili, na kona ya saba ikaja mbio ikiwa na korongo lake upande wa kulia. Akaupeleka ubavu wa kushoto kwenye ukuta wa mwamba. Mlango ukakunjamana. Kioo kikaruka. Rangi ambayo mumewe alikuwa ameipiga msasa kwa mkono, tabaka kwa tabaka, ikabaki juu ya mawe.

Mwamba ukayazuia magari yote mawili, pole pole, mita kwa mita.

Yakasimama.

Ganzi alitoa bastola yake ya Beretta chini ya kiti, akatoka kwa mlango wa kulia. Glavu alikuwa ameshatoka upande wake, damu ikimchirizika puani, na bastola mkononi. Akamlenga.

Ganzi akaendelea kumfuata. Hakuona sababu ya kusimama. Mtu ambaye kufa kwake si habari ni vigumu kumtisha, na Glavu aliliona hilo, akarudi nyuma hatua moja. Kisha akafanya jambo la akili. Alimvuta Shemeji kwa ukosi wa ovaroli, akambana kwenye pua ya gari jekundu, akamwekea bastola shingoni.

Ganzi akasimama.

Akaogopa. Aliogopa waziwazi, kama mtoto aliyepotea sokoni. Alikuwa amesahau kwamba hofu ina baridi.

"Tupa hiyo," Glavu alisema.

Akaitupa Beretta kwenye changarawe.

"Sasa mtahamisha mzigo wangu kwenye gari lako. Linawaka bado?"

"Linawaka." Sauti yake haikutetemeka, na alishukuru. Nyuma ya bega la Shemeji, kifuniko cha rejeta kilikuwa kinafuka mvuke na kulia, kwa kuwa magari ya zama hizo huvaa rejeta mbele kabisa, kama kilemba. "Ila lako limekauka maji. Shemeji, hebu lifungue ulitazame."

Kila fundi duniani, hata wa siku ya kwanza, anajua kwamba rejeta iliyochemka haifunguliwi.

Shemeji akamtazama.

"Sawa, shemeji."

Akazungusha kifuniko kwa mkono mtupu na kujitupa chini. Maji yaliyochemka yakaruka juu. Glavu akapiga ukelele, akashika uso kwa glavu zake mbili, bastola ikaanguka. Ganzi alimfikia kabla haijatua vizuri. Kiwiko kimoja, goti moja. Akamfunga pingu kwenye gurudumu lililokuwa bado linafuka moshi.

"Mkuu."

"Sema."

"Gari jekundu limesimama. Mtu mmoja chini ya ulinzi. Mleteeni maji baridi ya uso."

"Tutazungumza ukirudi," Mkuu alisema.

"Sawa."

Helikopta ilipotua, wanaume wenye mavazi mazito walifungua sakafu nyuma ya viti. Wakatoa matofali ya kijivu ya risasi, madini mazito yanayozuia mionzi, na katikati yake kasha. Shemeji alikuwa ameketi juu ya jiwe, mkono wake umefungwa kwa skafu ya Ganzi, akiyatazama.

"Aliniambia ni uzito wa kusawazisha gari," alisema. "Kusudi mkia usiruke. Nimeyafunga mwenyewe, shemeji. Kwa mikono hii."

"Kila mtu huweka uzito. Ungejuaje?"

"Ningekufa kama kaka."

"Ndiyo."

Hapo Shemeji akalia. Alilia kwa sauti, kamasi zikitoka, bila kujifunika uso. Ganzi alisimama kando yake akamwonea wivu. Hofu ilikuwa imeshamtoka, na ule ukimya wake ulikuwa unarudi mwilini kama maji yanavyorudi kisimani. Lakini alikuwa ameogopa. Alijua sasa kwamba inawezekana.

"Volvo la kaka," Shemeji alisema, akijifuta. "Halitengenezeki tena."

"Limefanya kazi yake. Simama twende."

Hawakupanda helikopta. Walishuka kwa miguu hadi kwenye kituo cha kupimia muda, chini ya mlima, ambako mwamuzi mwenye kofia ya jua aliketi mezani na saa yake ya Heuer. Magari mengine yote yalikuwa yameshapita.

"Namba ya gari, mama?"

"Gari halijafika."

"Basi sina la kuandika. Hapa tunapokea magari."

"Leo pokea watu. Andika wawili, wamefika."

Mwamuzi alimtazama, akautazama mkono uliofungwa, akamtazama yule kijana mwenye macho mekundu. Akachukua kalamu.

Ganzi alikuwa ameshaanza kuondoka. Alitembea pole pole, ili Shemeji amfikie.