Maneno ya Kilio Niliyoyatia Kwenye Mchezo wa Simu

Nina miaka thelathini na mbili, mkaaji wa mtaa wa Kamalondo. Ndugu wasomaji, watu wananiita mwandishi... Laiti wangejua uandishi wangu ulianzia wapi!

Nilipata kazi katika ofisi ndogo inayotengeneza michezo ya simu hapa Lubumbashi. Niliandika maneno wanayosema watu wa mchezoni. Mkubwa wetu aliyakataa kila mara. Alisema watu wangu wanaongea kama kitabu cha shule, na nikishindwa kumwandika mama aliyefiwa wa mchezo mpya, kazi atapewa mwingine.

Wiki hiyohiyo yaya Odette, dada yangu mkubwa aliyenilea, alifiwa na mtoto wake wa pekee, Gloria.

Mnajua kilio chetu. Mama halii tu, anaongea na marehemu. Yaya ni mshonaji. Alikaa chini akimwuliza Gloria, nani sasa atamtilia uzi kwenye sindano, na macho yake yamechoka? Kila mtu alilia. Na mimi? Mimi nilikuwa narekodi, simu mfukoni! Aibu gani hii, jamani?

Niliyaandika maneno ya yaya neno kwa neno. Mkubwa alisoma, machozi yakamtoka, akaniita mwandishi mbele ya wote. Kichwa kikavimba! Nikajidanganya kwamba yaya hachezi michezo, hatajua.

Kumbe wateja wake wanacheza. Dada mmoja alikuwa akingoja rinda lake, akafungua simu, na mama wa mchezoni akaanza kuuliza habari za uzi na sindano... Mteja alicheka, akamwigiza yule mama wa mchezoni. Yaya akayatambua maneno yake, akaacha cherehani, akanifuata nyumbani.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Ile siku nilizani tunalia pamoja," aliniambia. "Kumbe ulikuwa ku kazi."

Nilimwomba mkubwa ayafute maneno yale. Akasema mchezo umeshafika kwenye simu za watu.

Mwezi uliopita baba mdogo alifariki. Nilipoingia kwenye kilio, yaya alikuwa akiongea na marehemu. Aliponiona, akanyamaza. Wanawake wengine nao wakanyamaza, wote wakiangalia mifuko yangu. Walianza tena nilipotoka.

Ninyi mnaotaka kuandika, nawasihi, ombeni ruhusa kwanza, hata kama kazi itawaponyoka. Mimi niliiba machozi ya mtu aliyenibeba mgongoni. Mama yetu ni mzee sasa, anaumwa. Siku Mungu atakapomchukua, yaya atamlilia vipi nami nikiwa pale?