Pikapu Kimya ya Mwoka Mikate

Kila alfajiri mwoka mikate na mkewe walipakia mikate kwenye pikapu. Mke alipanga kreti, mume alifunga kamba. Kabla ya saa mbili, mikate ilitakiwa kufika hospitalini.

Kwa miaka kumi na sita walitumia pikapu ya dizeli. Ilinguruma na kutoa moshi hadi mtaa mzima ukaamka. Mwoka mikate aliijua kwa masikio. Ikikohoa, alishuka na spana. Ikinyamaza, ilikuwa imezimwa, basi.

Ilipochoka kabisa, walinunua mpya ya haibridi, yaani inayotumia mafuta na umeme pamoja. Ilitoka kwa kampuni ya nje ambayo mtaani hakuna aliyewahi kuisikia. Majirani walipiga porojo, mmoja akasema itayeyuka mvua ikinyesha. Mke alicheka nao, lakini moyo wake haukutulia. Pikapu ile ilikuwa kimya mno, na yeye aliiogopa.

Asubuhi moja mume alikwenda kuchukua unga. Aliporudi, taa nyekundu iliwaka mbele ya usukani, na chini yake maandishi ya kuonya kuwa betri ina joto kali. Hakujisumbua kusoma. Alisimamisha pikapu mlangoni, akasikia kimya, akashuka. Akakunja mikono ya shati na kufungua boneti.

Mkewe alimsihi amwite jirani yao, fundi wa kike aliyesomea magari ya aina hiyo. Mume alijibu kwamba alianza kufungua boneti kabla binti yule hajazaliwa. Mke hakubishana naye. Alitoka mbio na kugonga mlango wa fundi.

Fundi alikuja na ovaroli yake, nusu ya vifungo haijafungwa. Alimkuta mwoka mikate ameinama, mikono ndani ya injini hadi viwikoni.

"Shemeji, toa mikono humo. Rudi nyuma."

"Kwani vipi? Si imezimwa?"

"Haijazimwa. Imenyamaza tu."

Alirudi nyuma kwa kununa, kumridhisha tu. Hapo hapo injini ikajiwasha yenyewe. Mkanda ukazunguka kwa kasi pale pale vilipokuwa vidole vyake.

Mwoka mikate alitazama mikono yake, ile inayokanda unga kila siku. Mkewe alikaa chini akalia waziwazi.

Fundi aliizima pikapu kwa kubonyeza kitufe, akahakikisha taa zote za mbele ya usukani zimezimika. Kisha akauchukua ufunguo na kumpa mke aupeleke ndani ya nyumba.

"Hii inaweza kutembea kwa umeme bila injini kusikika," alieleza. "Na injini hujiwasha yenyewe ikihitajika. Usiamini masikio. Na hizi nyaya za rangi ya chungwa usiziguse hata gari likiwa limezimwa. Umeme wake unaua. Taa ya hatari ikiwaka, simama mahali salama, zima, uniite."

Kisha akatafuta chanzo cha joto. Chini ya kiti cha nyuma palikuwa na tundu lenye wavu, na ndani yake taulo limeshindiliwa.

"Ni mimi," mke alisema kwa sauti ndogo. "Unga ulikuwa unaingia humo."

Fundi alimwambia kuwa betri hupozwa kwa hewa ya tundu lile, na kuliziba ni sawa na kumziba mtu pua. Alilitoa taulo, akasafisha chujio, wakasubiri betri ipoe. Walipowasha tena, taa nyekundu haikurudi. Tangu siku hiyo unga haubebwi tena juu ya kiti bali nyuma kabisa, chini ya turubai, na tundu huachwa wazi.

Mikate ilichelewa saa nzima. Njiani mke alisema, "Leo nilidhani nimeshabaki mjane."

"Hata mimi hii gari naiogopa," mume alikiri. "Niliona aibu kusema siijui."

Jioni alikitoa kitabu cha maelekezo, bado kimo ndani ya nailoni yake. Akasogeza kiti cha pili karibu na chake, akamwomba mkewe wakisome pamoja.