Utepe wa Ukurasa wa Kumi na Tisa

Prado nyeupe ilikata kona bila kuwasha taa ya ishara.

Msumari akailaza Yamaha yake, goti likakaribia kugusa lami, akaifuata.

Saa nane na dakika kumi mchana. Aliacha magari mawili katikati, si karibu, si mbali. Ndani ya Prado alikuwamo Daktari, mtaalamu wa mikakati wa Wizara ya Ulinzi, mwenye shahada za kujaza ukuta mzima, suti za kushonwa kwa vipimo na manukato yanayoingia chumbani kabla yake mwenyewe. Msumari alikuwa hampendi. Tuseme ukweli, alimchukia kwa moyo wake wote, na alianza kumchukia miezi mitatu kabla ya kupewa amri ya kumfuatilia mtu yeyote.

Redio ya Motorola ikakoroma sikioni. Alikuwa Shangazi. Hivyo ndivyo makachero wote wa Idara walivyomwita mkuu wao, mama wa makamo asiyepandisha sauti wala kurudia neno.

"Paa linavuja, Msumari. Umepata tundu?"

"Liko mbele yangu. Ndani ya Prado."

"Una ushahidi?"

Msumari akaongeza mwendo kidogo.

"Nautafuta, Shangazi."

"Una muda mpaka saa kumi. Na kile kizuia mawimbi ya simu ulichokisaini juzi, stoo wanakiulizia. Ulikitumia wapi?"

"Kazini," Msumari alidanganya.

Paa kuvuja maana yake siri ya nchi imetoka. Saa sita mchana huo mitambo ya Idara ilikuwa imenasa ujumbe kutoka kwa mtu asiyejulikana kwenda kwa mgeni mmoja ambaye Idara ilimfahamu kwa suti yake ya kijivu tu. Ulikuwa na mistari minne ya Mkakati wa Ulinzi wa Taifa, ukurasa wa kumi na tisa, neno kwa neno. Hicho kilikuwa kionjo. Mzigo wenyewe ungefika kabla ya saa kumi.

Na saa kumi mawaziri wa ulinzi wa nchi nne jirani walikuwa wanasaini mkataba wa kulindana. Nyakati zilikuwa mbaya. Vikundi vyenye silaha vilivuka mipaka vitakavyo, ndege zisizo na rubani zilionekana juu ya mabwawa ya umeme, na meli za wageni zilipima kina cha bahari bila kumwomba mtu ruhusa. Hakuna nchi kati ya hizo nne iliyoweza kusimama peke yake, na wenye meli walilijua hilo.

Tatizo lilikuwa ukurasa wa kumi na tisa. Ulieleza nini kifanyike ikiwa mmoja wa majirani hao atageuka adui. Kila nchi ina ukurasa kama huo, kama vile kila baba mwenye nyumba ana panga chini ya kitanda na bado anamsalimia jirani asubuhi. Lakini panga hilo halionyeshwi jirani siku ya kupeana mikono.

Idara ilijua kwamba Mkakati haukuwahi kuingia kwenye kompyuta. Kwa kuogopa wadukuzi, Wizara ilirudi kwenye mashine ya chapa ya umeme, moja tu, ndani ya chumba kisicho na dirisha. Daktari aliandika kwa mkono. Mpiga chapa alichapa. Kila jioni wawili hao walisimama kwenye pipa nyuma ya jengo na kuchoma kila karatasi, kwa sheria kwamba lazima wote wawili wawepo.

Kwa hiyo walioujua ukurasa ule walikuwa wawili tu. Daktari, na mpiga chapa.

Mpiga chapa alikuwa mke wa Msumari.

Sasa mwanamume anayerudiwa na mkewe kila jioni akinuka moshi, na chini ya moshi manukato ya mwanamume mwingine, anahitaji ushahidi gani? Mke alikuwa ameanza kuimba akipiga pasi. Siku moja alisema Daktari ana mwandiko mzuri. Mwandiko! Msumari hakulala siku hiyo.

Prado ikasimama mbele ya mgahawa wa vioo. Msumari akaegesha ng'ambo ya barabara, akatoa kamera yake ya Canon, akavuta lenzi.

Daktari aliingia na kuketi meza ya pembeni. Mwanamke aliyekuwa akimsubiri akageuka.

Alikuwa mkewe.

Daktari akatoa bahasha ya kaki. Mke akaipokea kwa mikono miwili, akatabasamu tabasamu ambalo Msumari hakuliona nyumbani kwake tangu mwaka ulipoanza.

"Shangazi. Naingia."

"Usiguse mtu. Mfuate mpaka..."

Akazima Motorola.

Alivuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, akafika mezani, akaikwapua bahasha.

"Shemeji!" Daktari akasema kwa uchangamfu. "Karibu ukae."

Aliposikia hilo neno shemeji, Glock iliyokuwa chini ya koti ikaanza kumuwasha kwapani. Akapasua bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi moja. Ilikuwa barua ya Daktari kumpendekeza mpiga chapa awe mkuu wa masjala ya siri.

"Nilitaka nikuambie ikishakubaliwa," mkewe akasema taratibu. "Umenifuata kwa siku ngapi, baba watoto?"

Msumari alitakiwa aombe radhi. Hata mtoto angejua hivyo. Lakini wivu ukishampanda mtu hauna breki, akatoa lile lililomkaa kooni kwa miezi mitatu.

"Na vidole?"

"Vidole vyangu vimefanya nini?"

"Miaka yote ulikuwa unarudi na vidole vyeusi. Siku hizi ni vyeupe kama vya bibi harusi. Nani anakudekeza hivyo?"

Weusi ule, mkewe akamweleza, ulitokana na kubadilisha utepe wa mashine. Daktari aliona haifai dada achafuke, akaomba fundi wa mashine awe anakuja kuubadilisha. Fundi mwenyewe mtu mpole, hana maneno. Hata leo saa tano alikuja, mara tu nakala ya mwisho ilipokamilika.

Msumari hakuwa anasikiliza tena kama mume.

"Utepe mmoja unatumika mara ngapi?"

"Mara moja. Kila herufi inang'oa wino na kuacha tundu la..."

Akavitazama vidole vyake. Daktari akaweka kikombe chini, kikagonga sahani.

"Ule uliotumika anaupeleka wapi?"

"Anauweka kwenye mkoba wake," mke akanong'ona. "Anasema anakwenda kuutupa."

Kwa miezi mitatu walichoma kila karatasi, wakakoroga majivu, wakatia saini kwamba wameyakoroga. Na Mkakati mzima, herufi baada ya herufi, ukatoka getini ndani ya mkoba wa bisibisi. Daktari mwenye shahada zake, kwa kutaka kumlinda mwanamke wa watu vidole, alikuwa ameitoboa nchi. Msumari akafurahi. Ilikuwa furaha mbaya na hakuwa na muda nayo.

"Yuko wapi sasa?"

"Alisema ana mashine ya fotokopi ya kutengeneza hotelini. Pale wanaposaini. Chumba mia nne na kumi na mbili."

Saa tisa na dakika tano.

Akawasha Motorola, akatoa taarifa kwa maneno kumi. Shangazi akajibu kwamba vijana wake wako dakika ishirini kutoka hotelini, asiwasubiri.

Daktari akawahi funguo za Prado. Mke hakumtazama. Alikuwa ameshapanda nyuma ya Yamaha, amefunga mtandio.

"Sauti yangu ndiyo anayoijua," akasema. "Twende."

Prado ilibaki kwenye foleni. Yamaha haina foleni.

Ghorofa ya nne. Zulia nene, taa hafifu. Msumari akabana ukutani, bastola mkononi, akamwashiria mkewe. Mke akagonga mlango kwa vidole viwili, kama alivyozoea kuligonga dirisha la karakana ya fundi.

"Fundi, ni mimi wa chapa. Mashine imekwama tena."

Hatua zikasikika. Mazoea ni kitu kibaya. Fundi alifungua mlango kwa uso wa mtu aliyekuja kusaidia, ndipo akaiona bastola, na huruma yote ikamwishia usoni. Msumari alimpiga kwa kitako cha Glock, akamruka.

Dirishani palikuwa na meza, juu yake utepe umenyooshwa chini ya taa kali. Yule wa suti ya kijivu alikuwa na simu mkono wa kushoto na bastola yenye kiwambo cha sauti mkono wa kulia.

"Umechelewa," akasema. "Picha zinakwenda kwa mawaziri wote wanne. Asilimia themanini na moja."

Msumari akabonyeza kitu mfukoni.

Themanini na moja ikabaki themanini na moja.

Kizuia mawimbi, kidogo kama kipande cha sabuni. Chaji ilibaki mstari mmoja, nao mwekundu, kwa sababu juzi na jana kilikuwa kimefanya kazi sebuleni kwa Msumari, kuanzia saa mbili usiku, kila simu ya mkewe ilipotaka kuita.

Suti ya kijivu ikatazama simu. Nusu sekunde tu. Ilitosha.

Risasi mbili. Ya mgeni ilichana pazia. Ya Msumari iliingia begani, bastola ikaanguka. Simu ikateleza juu ya zulia, na mfukoni kizuia mawimbi kikalia mara moja kikafa.

Themanini na nne. Tisini.

Mke akainyakua, akaitumbukiza kwenye jagi la maji lililokuwa mezani, akaishikilia chini kwa mkono mzima mpaka kioo kikawa cheusi.

Saa kumi na dakika tano mkataba ulisainiwa. Runinga ya ukumbini ilimwonyesha Daktari, aliyefika amelowa jasho, akipongezwa na waziri kwa kazi iliyotukuka. Msumari aliitazama mpaka mwisho. Iliuma.

"Paa limezibwa," akasema kwenye Motorola.

"Vizuri. Rudisha kile kitu stoo."

Chini, kwenye maegesho, mkewe alikuwa ameukusanya utepe wote ndani ya mfuko. Vidole vyake vilikuwa vyeusi hadi kwenye kucha.

"Simu yangu hukosa mtandao usiku tu," akasema. "Ukiwa nyumbani."

Mke akanyoosha ule mkono mweusi, naye akamkabidhi kizuia mawimbi bila ubishi.

"Nitakirudisha mimi. Na hiyo kazi ya masjala nitaichukua."

"Ichukue, mama watoto. Unaistahili."

Utepe ulipaswa kuchomwa leo hii, na sheria ni ileile, lazima wote wawili wawepo. Daktari alikuja, akafungua mlango wa Prado. Mke akaingia, mfuko mapajani. Ikaondoka kushoto, bila kuwasha taa ya ishara.

Msumari akavaa kofia, akapiga teke Yamaha. Tairi la mbele lilikuwa limeelekea kushoto.

Akaligeuza kulia, akaondoka polepole.

Kioo cha pembeni alikitazama mara moja tu.